Sikuruka

Gari lilianza kwenda wakati gurudumu la mbele la baiskeli yangu limeshatoka nje na la nyuma lingali ndani ya behewa. Mguu wangu wa kulia ulikuwa kwenye kidato cha chini, wa kushoto ungali juu mlangoni. Mkono mmoja umeshika fremu, mwengine umeshika chuma cha mlango. Nikapiga kelele, "Bado! Bado, jamani, simamisha!" Pedali ikanasa kwenye kile chuma, baiskeli ikajipinda, ikanivuta chini kwa nguvu ambazo sikujua baiskeli inazo. Yenyewe ikaangukia upande wa kokoto. Mimi nikaangukia upande wa reli.

Sauti niliyoisikia ilikuwa ndogo. Watu wananiuliza na wanadhani ni kishindo. Ilikuwa ndogo, kama mtu anavunja muwa gotini. Behewa lile lilikuwa la mwisho. Lau lingekuwa na jengine nyuma yake nisingekuwa hapa naandika.

Niliinua kichwa. Mbele kule, kwenye kibanda cha karani wa kituo, nikamwona gadi, yule mwangalizi wa gari, ameshika bendera ya kijani, anangoja behewa lake limfikie alirukie kama alivyolirukia siku zote. Na hapa karibu, hatua kumi hazifiki, nikamwona shemeji yangu amesimama na baiskeli yake, mdomo wazi, na kidole gumba kingali juu ya kengele.

Kidole kile ndicho nilichokuja kukieleza.

Walionifanyia haya ni watatu, na mimi ni wa nne. Majina yao nayajua, na ya baba zao nayajua. Siyaandiki, kwa sababu wana watoto na watoto hawakuwapo. Lakini kazi zao na maneno yao nitayataja, na kila mmoja akisoma, au akisomewa, atajijua.

Kwetu ni Jomvu Kuu. Wazee wetu walikuwa watu wa kukaa: msikiti uko hapa, mto uko pale, kishamba kiko nyuma ya nyumba, basi, mtu anatafuta nini tena? Mimi sikuwa hivyo. Mamangu alikuwa akisema nimezaliwa na sisimizi kwenye nyayo. Chuo cha Kurani nilikhitimu kwa sababu ya bakora, lakini skuli nimeishia darasa la nne, maana mwalimu akigeukia ubao mimi nilikuwa nikitoka dirishani. Nikajaribu kazi ya kushusha magunia Kongowea, nikajaribu kufagia karakana Changamwe, kote nilijiona nimefungiwa. Mpaka nilipopata kazi ya kuchonga mawe kwenye machimbo, kule juu ya mlima, nje kabisa ya mji. Ile nikaipenda. Unasimama, unapiga, unahama, unapiga tena. Upepo unakupitia. Hakuna aliyenambia keti.

Taabu ilikuwa kufika. Barabara ya kupanda kule ni ya malori, na malori yale yalikuwa hayana subira na mtu wa baiskeli. Nilipanda kwa baiskeli wiki mbili. Nilikuwa nafika machimboni nimeshamaliza nguvu za kutwa, msimamizi ananitazama nilivyolowa ananiuliza, "Wewe umekuja kazini au umetoka kazini?" Kwa miguu toka kituo kidogo cha gari la moshi kule juu mpaka machimboni ni mwendo wa saa nzima, na kutoka kwetu Jomvu mpaka stesheni ya Changamwe si karibu. Sasa ndipo mtu mmoja tuliyekuwa tukichonga naye akanipa akili: baiskeli na gari la moshi, vyote viwili.

Ilikuwa hivi. Alfajiri nikishasali natoka Jomvu kwa baiskeli, napita vichochoro, nafika Changamwe. Nakata tikiti mbili, yangu na ya baiskeli. Ya baiskeli ni karatasi inayofungwa kwenye fremu kwa uzi wa katani, na ukiipoteza baiskeli inabaki hata kama wewe unakwenda. Naipandisha kwenye behewa la gadi, la nyuma kabisa, na mimi napanda humo humo pamoja na wenzangu. Gari linajivuta mlima kwa tabu zake, sisi tumekaa juu ya vifurushi vya watu tunapiga soga. Tukifika kituo kile kidogo cha juu tunashuka, tunapanda baiskeli zetu, nusu saa haifiki niko machimboni na pumzi zangu zote. Jioni hatukungoja gari. Jioni ni mteremko. Tunajiachia mmoja nyuma ya mwengine, breki zikichoka mtu anakanyaga gurudumu la mbele kwa kandambili, mpaka Jomvu. Kandambili ya kulia ilikuwa ikiisha kila mwezi. Siku hizi haiishi.

Wallahi ile ilikuwa raha. Nasema raha, na mimi si mtu wa kulisema neno hilo ovyo. Kwenda unapelekwa, kurudi unajipeleka, na baina ya hapo unafanya kazi ya mikono yako. Sikumbuki siku niliyoamka sitaki kwenda.

Tulikuwa watu kumi na mmoja wa behewa la nyuma. Wengi wachonga mawe, wawili wa shamba la kuku, mmoja fundi wa pampu za maji, bwana kutoka bara, Mkristo, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani kila gari likianza kupanda. Shemeji yangu akamwambia, "Wewe imba tu, gari linapanda kwa dua zetu, si kwa injini." Naye akajibu, "Basi nyinyi ombeni, mimi nasukuma."

Shemeji yangu huyo ni kaka wa mke wangu, tumbo moja. Kazi ya machimboni nilimtafutia mimi. Alikuwa mtu wa mzaha, wa kupendeza, asiyeweza kupita penye watu bila kusema neno. Nilimpenda. Naandika hivi ili ijulikane kwamba sikuwa na kisa naye.

Kulikuwa na utaratibu. Kila wiki mtu mmoja alikuwa na zamu ya mlango. Gari likisimama, wengine wote wanashuka chini, yeye anabaki juu anawapasia baiskeli moja moja, na yake anaishusha mwisho. Dakika zilikuwa chache, kwa hivyo ilitaka mtu mwenye mikono. Kituo chenyewe kilikuwa kwenye kona, na jukwaa fupi, la kutosha mabehewa mawili ya mbele tu. Sisi wa nyuma tulikuwa tukishukia kwenye kokoto, na mtu aliyesimama kwenye kibanda cha karani alikuwa hauoni mlango wetu sawasawa.

Gadi wa kwanza alikuwa mzee mmoja mpole. Yeye alikuwa akienda mbele, anampa karani karatasi zake, kisha anarudi kwa miguu mpaka nyuma, anatazama kwa mato yake kwamba hakuna baiskeli wala mtu mlangoni, ndipo anatoa bendera. Kila siku. Mwisho mwisho alianza kuumwa na magoti. Nilimwona anavyotembea kwenye kokoto zile kama mtu anayekanyaga miba, nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Mzee wangu, usitaabike. Mwenye zamu akishusha ya mwisho, akishakanyaga chini na yeye, atakupigia kengele ya baiskeli mara mbili. Ukisikia mbili, wewe toa bendera huko huko, upande behewa la mbele."

Akacheka. "Kengele ya baiskeli iamrishe gari la moshi?"

"Gari hailiamrishi, mzee. Inakwambia wewe tu."

Akakubali. Na kengele ile ilimpunguzia safari, lakini mzee yule hakuiamini peke yake. Akisikia mbili anatoka hatua tatu nje ya njia, anakunja uso kwa jua, anangoja mkono wa mwenye zamu upungwe. Akiuona mkono ndipo bendera inatoka. Hakutuambia kwamba ni sharti. Alikuwa akifanya tu, nasi hatukutia maanani.

Tukawekeana na amri yetu: toka gari linaposimama mpaka zile mbili za mwenye zamu, hakuna anayegusa kengele. Hata kuku akikaa njiani, mfukuze kwa mdomo.

Kwa hivyo kengele ni yangu. Mimi ndiye niliyeitunga, mimi ndiye wa nne. Sijifichi.

Mzee alipostaafu akaletwa gadi mwengine, kijana, viatu vinang'aa. Siku ya kwanza akatukuta behewani na baiskeli zetu akatema mate nje. "Hili ni gari au ni mkokoteni? Nyinyi watu hamna barabara?"

Shemeji akamjibu, "Barabara tunayo, bosi, lakini haina kiti cha kukaa."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mimi, kwa ujinga wangu wa kutaka mambo yaende, nikamfuata nikamweleza utaratibu wetu: zamu, mlango, kengele mara mbili. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. "Kwa hiyo mimi sihitaji kutembea huko nyuma?"

Nikamwambia mzee aliyetangulia alikuwa akitazama pia.

"Mzee alikuwa mzee," akasema. "Mkipiga mara mbili nawatoa."

Tangu siku ile hakuwahi kutembea. Alikuwa anashuka, anaingia kibandani kwa karani, anapewa chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, na anaitoa bendera mlangoni kama mtu anayetikisa kitambaa cha meza, mgongo umetugeukia. Kisha analirukia behewa lake likimpitia. Kila siku, gari liko mwendoni, yeye anaruka na kujishika. Mkumbuke hilo.

Hapa lazima niseme na jengine, maana nikilificha atakuja mtu kulisema. Kuruka nilikuwa nikiruka. Zamani, kabla ya machimbo, nikiwa na miaka ishirini na ushei, sisi vijana tulikuwa tukitoka Mazeras kwa gari na tukifika Changamwe hatungoji lisimame. Unaweka baiskeli begani, unaruka unakimbia nalo, watu wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa hodari. Mke wangu siku moja alikuja stesheni kumpokea shangazi yake, ana mimba ya mtoto wetu wa kwanza, akaniona. Tulipofika nyumbani akatawadha, akateremsha msahafu, akauweka mbele yangu.

"Weka mkono."

"Mke wangu, ni mchezo tu."

"Weka mkono. Uape hutaruka tena gari linalokwenda, maisha yako yote."

Nikaweka, nikaapa. Na toka siku ile sikuruka. Si mara moja. Hata gari likienda mwendo wa konokono nilikuwa nangoja lisimame kabisa, wenzangu wakinicheka, "Huyu anaogopa mkewe." Nilikuwa nawajibu, "Ndiyo."

Sasa siku yenyewe. Wiki ile zamu ilikuwa yangu. Shemeji alikuwa amenunua kengele mpya mjini, kubwa, mfano wa kifuniko cha sufuria, ya kuzungusha, na sauti yake ilikuwa inaweza kumtoa mtu msikitini. Toka Changamwe alikuwa anaipiga behewani. Yule bwana wa pampu akamwambia, "Kaka, hiyo ni kengele ya kanisa letu, umeiba." Tukacheka wote. Mimi nikamwambia, "Shemeji, tukifika juu uizibe hiyo."

"Abee, bwana mkubwa," akanijibu, akapiga saluti.

Tukafika. Nikaanza kushusha. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya shemeji ilikuwa ya nne au ya tano, akaipokea, akaisukuma kando. Pale kando alikuwa akikaa mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi, amegeukia upande wa pili anahesabu mahamri yake kwenye sinia. Shemeji alikuwa na mazoea naye ya kutaniana. Mimi niko juu, nimeshashusha ya kumi, nimeinamia yangu naitoa, nikasikia kengele ile kubwa nyuma yangu. Mara moja. Mara ya pili.

"We mtu!" mama akaruka. "Utaniua kwa kengele yako hiyo!"

"Nilikuwa nataka nikwamkue, mama, shikamoo!"

Kicheko chao nilikisikia. Kisha nikasikia filimbi ya gadi, na gari likajivuta.

Mengine nimeshaeleza.

Walinitoa pale kwa lori la mawe. Hospitali walikata juu kidogo ya kifundo, kisha baada ya siku chache wakakata tena juu zaidi. Nilikuwa sijamaliza hata kuelewa kwamba mguu hauko, gadi na karani wakaja na karatasi. Gadi alisimama mbali. Karani ndiye aliyekuwa na kalamu, mtu mzima, sauti ya upole, ananiita ndugu yangu.

"Ndugu yangu, pole. Hii ni ripoti tu. Tumekwisha kuiandika, wewe utie kidole, usitaabike na kalamu."

Herufi zilikuwa zinanichezea kwa dawa, nikamwambia, "Nisomee."

Akanisomea haraka haraka. Abiria alijaribu kuruka gari likiwa katika mwendo, kinyume cha amri. Kengele haimo. Zamu haimo. Gadi aliyekuwa kibandani anakunywa chai hayumo; mle amesimama mahali pake anatazama pande zote.

"Sikuruka," nikamwambia. "Niliangushwa. Kengele ilipigwa, na huyu hapa akatoa bendera bila kutazama. Muulize."

Karani akainama karibu. "Kengele gani, ndugu yangu? Kwenye kanuni za reli hakuna kengele ya baiskeli. Nikiandika kengele, ofisini wataniuliza ni nani aliyeitunga. Nimwandike nani?"

Hapo alinipata.

"Tena," akasema, "shahidi tunaye. Wa nyumbani kwenu mwenyewe."

Akanionyesha sahihi. Mwandiko wa shemeji naujua. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kutia sahihi siku ya kwanza ya mshahara machimboni. Sikutia kidole. Wakaipeleka hivyo hivyo.

Na wale tisa waliobaki? Msidhani hawakuona. Bwana wa pampu alikuja kuniona, akaleta machungwa, akakaa ukingoni mwa kitanda akilia. Nikamwambia, "Basi nenda ukaseme." Akafuta uso. Akasema karani amewaita wote akawaambia, mkitaja kengele baiskeli hazitapanda tena gari hili, milele. "Ndugu yangu," akaniambia, "wewe mguu umeshakwenda, hatuwezi kuurudisha. Sisi nasi tupoteze kazi?" Baiskeli zenyewe zilikatazwa mwaka haukupita, na miaka kidogo baadaye gari lile la asubuhi likaondolewa. Hawakuokoa chochote.

Lakini hao siwadai. Gadi nimemwandika alivyo: mvivu aliyetoa bendera mgongo umegeuka. Karani nimemwandika alivyo: mtu aliyejua ukweli akauchagulia maneno. Gadi alihamishwa bara, sijui kama yu hai. Karani nilimtafuta kwa miaka mitatu, kituo hadi kituo, mpaka nikaambiwa amefariki. Ofisini kwao mjini nimekwenda mara nyingi kiasi kwamba askari wa getini ananiuliza habari za watoto. Kila mara faili linatafutwa.

Ninayemdai ni mmoja.

Mke wangu alikuja hospitali siku ya pili baada ya ile karatasi, kaka yake ameshamweleza. Alikuja akaniosha uso, akaninywesha uji, akanifunika. Alifanya kila kitu anachofanya mke. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Kwa nini uliruka?"

"Sikuruka."

"Kakangu ameniambia."

"Kakako ndiye aliyepiga kengele."

"Alikuona unaruka. Ametia na sahihi. Kakangu tumbo moja aniongopee?"

"Naapa kwa Mwenyezi Mungu, sikuruka."

Hapo ndipo aliponitazama. "Ulikwisha niapia kwa msahafu," akasema. "Hicho unachoniapia sasa nikiweke wapi?"

Hajaniacha. Watu wa Jomvu walidhani ataniacha, hakuniacha. Amelea watoto, amepika vitumbua akauza, amenishika mkono kwenda chooni miezi ile ya mwanzo. Sina la kumlaumu. Lakini kila mwaka, kabla ya Ramadhani, anakuja na jambo lile lile. Ananambia nifunge kafara, siku tatu, ya kiapo nilichokivunja. Anasema kwa upole, kama anavyonambia nikate kucha.

"Siku tatu tu, baba watoto. Ufunge, yaishe, roho yangu itulie."

"Siwezi."

"Mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Nikifunga nitakuwa nimekubali kwamba nilivunja."

Anainuka anakwenda zake jikoni. Miaka kumi na mitatu sasa. Naye, nilikuja kugundua kwa binti yetu, anafunga yeye. Siku tatu, kila mwaka, kwa niaba yangu, kwa dhambi ambayo haikufanyika. Nimemwambia kafara haifungwi na mwengine, amwulize sheikh. Akasema, "Najua. Lakini nikikaa bure sipati usingizi."

Mimi nimepewa kazi ya kukaa. Nashona viatu karibu na stesheni ile ile ya Changamwe, kwenye kigoda, toka asubuhi mpaka adhuhuri. Zaidi ya hapo siwezi, misuli ya paja inaanza kucheza peke yake. Hapo nainuka nachukua baiskeli. Ndiyo, bado naendesha. Pedali ya kushoto nimeitia ukanda wa ngozi ili mguu uisukume na uivute, wa kulia nimeuacha uning'inie. Naendesha bila kwenda mahali. Nakwenda mpaka Miritini narudi, nakwenda mpaka Makupa narudi. Watoto wa watu wakiniona wanaambiana, "Yule ndiye aliyeruka gari la moshi." Hawasemi kwa ubaya. Wanasema kama wanavyosema yule ni muadhini.

Na siku nyengine navuka feri. Shemeji amehamia Likoni, mtaa wa Shika Adabu, toka mwaka ule ule. Ana kibanda cha kuuza mkaa na mafuta ya taa, ana ndevu nyeupe, watu wanamheshimu. Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa mwezi uliopita. Aliniona toka mbali naja, nikaona anavyotafuta kitu cha kufanya na mikono yake.

"Shemeji! Karibu, karibu, keti."

"Siketi."

"Chai basi."

"Nimekuja kukwambia dadako amefunga tena."

Akainama akaanza kupanga makopo ya mkaa ambayo yalikuwa yamepangika. "Shemeji, mambo haya ni ya zamani."

"Kwako ni ya zamani. Yeye alifunga Jumatatu."

"Mimi nilikuwa nikimtania yule mama tu. Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Kengele nilikusamehe toka hospitali. Sahihi, je?"

Akatazama huku na huku, wateja wasisikie. "Karani alinitisha. Alinambia aliyepiga kengele atafungwa. Mimi nilikuwa na mke mchanga, shemeji. Ungefanya nini?"

"Basi mwambie dadako hivyo hivyo. Kama ulivyonambia mimi sasa hivi. Sihitaji karani, sihitaji faili. Mwambie yeye tu."

Mteja alikuja akapimiwa mafuta akaondoka. Ndipo shemeji aliponambia, kwa sauti ndogo, bila mzaha hata chembe, "Nikimwambia, ataniona vipi?"

Nikamwambia, "Kama anavyoniona mimi."

Nikapanda baiskeli yangu nikaondoka, maana ningebaki ningempiga, na mtu wa mguu mmoja akipiga anaanguka.

Sasa nakuandikia, shemeji, kwa sababu kwa mdomo umenishinda. Sikudai mguu. Kengele nimeiweka shingoni mwetu mimi na wewe, nusu kwa nusu. Lakini kuna mwanamke Jomvu Kuu anayefunga kwa ajili ya uongo uliouandika wewe, naye ni dadako, na ananiona mimi mtu niliyeweka mkono juu ya maneno ya Mungu kisha nikaruka. Feri inavuka kutwa. Njia ya nyumbani kwangu unaijua. Njoo, keti mbele yake, umwambie uliona nini siku ile, kisha umwambie siku zile tatu ni deni la nani. Nijibu: unakuja lini?